Vigari vya Jumamosi

Corliss Wendt aliendesha basi la shule siku tano za wiki, na Jumamosi aliendesha gari lake mwenyewe kwenda kuwinda. Ndivyo alivyosema mwenyewe, "naenda kuwinda," na madereva wenzake wakacheka, maana katika mji wa Harlan Fork mtu akisema anawinda amekusudia kulungu. Corliss aliwinda vigari.

Vilikuwa vigari vya plastiki, urefu wa shibiri moja, ambavyo viwanda vilivitengeneza zamani ili wauzaji wa magari wawaonyeshe wateja umbo na rangi za gari la mwaka mpya. Mteja akishatia saini, mtoto wake hupewa kigari aende nacho nyumbani. Watoto ni watoto. Walivikanyaga, walivizamisha bafuni, walivilipua kwa fataki sikukuu ya uhuru. Vilivyosalimika viliishia kwenye maduka ya vitu vya kale, katikati ya sahani zenye nyufa na taa zisizowaka, na huko ndiko Corliss alikovifuata, kutoka Indiana yote ya kaskazini mpaka ng'ambo ya mpaka wa Ohio. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, hana mume, na nyumba yake nyuma ya kanisa la Walutheri ilikuwa na vyumba viwili: kimoja alilala yeye, kimoja vililala vigari.

Hakuokota kila alichokiona. Alitaka vile tu ambavyo baba yake, Merle Wendt, aliwahi kuviweka juu ya meza yake katika yadi ya Garver, alikouza Chevrolet maisha yake yote ya kazi. Kila mwaka, kila umbo, kila rangi. Kilibaki kimoja.

Jumamosi moja ya Oktoba, Opal Trimble, bibi mwenye duka lililokuwa zamani ghala la chakula cha ng'ombe, alimshika mkono hata kabla hajafunga mlango.

"Njoo huku nyuma, mama. Na usipige kelele. Yule mwindaji mwenzako mnene wa Fort Wayne yuko kule kwenye mabakuli, na masikio yake unayajua."

Akafunua gazeti. Ndani yake mlikuwa na kigari cha Chevrolet Impala ya mwaka hamsini na nane, feruzi chini, nyeupe juu.

Corliss hakuigusa kwanza. Aliinama, akaitazama ubavuni, jicho usawa wa meza, kama fundi anayekagua ubao. Plastiki ya miaka ile ina ugonjwa: ikipata joto, au ikizeeka tu, hujikunja. Paa hubonyea, mbele na nyuma huinuka. Hii ilikuwa imenyooka kama siku ilipotoka kiwandani.

"Umepata wapi?"

"Kwa mjane mmoja. Mumewe alikiweka kabatini tangu utoto, hakuwahi kukichezea. Mtoto gani huyo, nikamuuliza. Akasema ndiyo maana alichoka naye." Opal alicheka peke yake. "Corliss, unalia?"

"Ni vumbi la duka lako," alisema Corliss. Akalipa, akatoka na boksi kifuani.

Kilio kile kilikuwa na miaka mingi. Vuli ile magari mapya yalipofunuliwa pale kwa Garver, Corliss alikuwa na miaka tisa. Watu walijaa, wanakula donati na kunywa maji ya tufaha, na mkulima mmoja aliyeitwa Stoltz alikuwa akiizunguka Impala tangu asubuhi bila kuamua. Merle akamwita binti yake mbele za watu. Akamwekea kigari mikononi, feruzi chini, nyeupe juu.

"Kizuri?"

"Kizuri, baba."

"Ungependa kiwe chako?"

Corliss aliitikia kwa kichwa. Hapo Merle akawageukia watu. "Mnaona, jamani? Huyu ni msichana, usukani haujui, na tayari amezimia. Sembuse mwanamume mzima!" Ukumbi ukaangua kicheko. Katikati ya kicheko akakichomoa kigari mikononi mwa Corliss, akampa mtoto wa kiume wa Stoltz, na Stoltz akatia saini.

Njiani kurudi nyumbani, Corliss alilia. Merle alimwangalia kwenye kioo. "Unalilia nini? Kigari ni cha mnunuzi wa kesho. Wewe utanunua gari lini?" Kaka yake, Duane, alikuwa na chake nyumbani, amepewa kama kila mwaka. Julai iliyofuata alikilipua na fataki, akamwita Corliss aje aone.

Sasa Merle alikuwa na miaka themanini na sita, amelazwa katika nyumba ya wazee ng'ambo ya mto. Miguu ilikuwa imekufa. Mikono, macho na ulimi vilikuwa hai, hasa ulimi. Duane aliishi Florida akiuza bima, na alipiga simu siku za sikukuu tu. Aliyekwenda kila Jumamosi ni Corliss.

Mara ya kwanza kumpelekea kigari hakwenda na ubaya. Ilikuwa miaka miwili nyuma. Alikuwa ametoka dukani moja kwa moja, boksi lingali mkononi, akakitoa tu kwa kukosa la kuzungumza. Merle, ambaye kwa kawaida alimpokea kwa kusema "Ni wewe tu," aliinua kichwa kutoka kwenye mto wa kitanda. Akaanza kusema. Akaeleza injini, akaeleza rangi, nani alinunua na mkewe alivyonuna. Alisema saa nzima akimtazama binti yake usoni. Corliss hakukumbuka siku nyingine yoyote ambayo baba yake aliongea naye saa nzima.

Alipokirudisha kigari kwenye boksi, mzee alinyoosha mkono. "Kiache."

"Nitakuletea kingine Jumamosi."

"Kiache, Corliss. Nakuomba."

Nakuomba. Neno hilo lilimwingia Corliss kama pombe kali siku ya baridi. Alifunga boksi akaenda zake, na njia nzima alilirudia.

Tangu hapo alipeleka kimoja kila wiki, na kila wiki alikiweka juu ya kabati, upande wa miguuni mwa kitanda, mahali ambapo mzee angeweza kukiona na asingeweza kukifikia. Yolanda, mhudumu wa chumba kile, mwanamke wa mjini hapo mwenye mabega mapana na sauti ya chini, alivumilia wiki kadhaa, kisha akasema.

"Dada Corliss, si umpe tu akishike? Mikono yake mizima."

"Atakiharibu."

"Kwani ni mtoto?"

"Afadhali mtoto."

Merle, kitandani, alisikiliza huku macho yake yakiwa kwenye kigari.

Basi siku ile ya Impala, Corliss hakukiweka kabatini. Alivuta kiti mpaka ubavuni mwa kitanda, akakishika kwenye viganja vyote viwili.

"Unakijua hiki?"

"Nisikijue mimi? Impala ya hamsini na nane." Macho ya mzee yaling'aa. "Hakuna mtu kaunti hii aliyeziuza kama mimi. Lete huku."

"Siku mlipozifunua, ulinipa nikishike. Mbele za watu. Unakumbuka?"

Merle alifikiri. Alifikiri kweli, hakuwa anaigiza. "Niliwapa watoto wengi washike. Ilikuwa mbinu nzuri. Mtoto akishashika, baba hana ujanja."

"Mimi sikuwa watoto wengi. Nilikuwa mwanao."

"Haya, basi ulikuwa mmojawapo."

Corliss alisimama, akaanza kukifunga kigari kwenye gazeti lake, polepole. Mzee alimwangalia akifunga.

"Unataka nini?" aliuliza.

"Uniombe radhi."

Hapo Corliss aliona uso wa baba yake ukibadilika. Muuzaji aliyekuwa amelala ndani yake kwa miaka ishirini na kitu aliamka, akanyoosha tai. Mkono ukaenda kifuani, sauti ikashuka. "Corliss, mwanangu," alisema, yeye ambaye hakuwahi kumwita hivyo. "Baba yako alikuwa mpumbavu. Mungu alinipa binti wa dhahabu nikamfanya chambo cha samaki. Nisamehe."

Corliss aliijua sauti ile. Aliisikia utotoni, mzee alipokuwa akiwahakikishia wajane kwamba breki ni mpya. Aliijua, na bado akalifungua gazeti. Mwenye kiu haulizi kisima kimechimbwa na nani. Akampa kigari. Alipoaga, mzee alisema, "Niachie wiki moja tu," na Corliss, kwa mara ya kwanza, akaondoka na boksi tupu.

Jumamosi iliyofuata Yolanda alimngojea mlangoni, anasugua mikono.

"Dada, nimekikuta chini ya blanketi. Juu ya ule mkeka wa umeme tunaompashia mgongo. Nadhani kiliteleza usiku."

Kigari kilikuwa juu ya kifua cha mzee. Paa lilikuwa limedidimia mpaka kwenye viti, mbele na nyuma vimepinda kwenda juu kama ndizi, gurudumu moja halikugusa kitu. Merle alikuwa amekifunika kwa mkono, na alikuwa ametulia kama mtu aliyemaliza kazi.

"Kiliteleza," Corliss alisema.

"Hakikuteleza." Mzee alitabasamu. "Gari likishagongwa, mwenyewe halitaki tena. Nimeyaona hayo maisha yangu yote. Sasa wewe huwezi kukitaka, na mtu mwingine hawezi kukitaka. Basi kitakaa na mimi."

"Na radhi uliyoniomba?"

"Ulitaka maneno, nikakupa maneno. Ukaridhika, ukatoa bidhaa. Biashara ni hivyo, wewe msichana. Ulidhani ni nini?"

Corliss alikishika kigari. Merle akakaza. Vidole vyake vilikuwa na nguvu, lakini Corliss alikuwa amepigana na usukani wa basi kwa miaka ishirini na zaidi. Alivibandua kimoja kimoja. Kioo cha mbele kilikwanyuka, kikaangukia shukani. Yolanda alisema, "Yesu wangu," akaziba mdomo. Corliss alitoka nje, akakitupa kigari kwenye pipa la korido, lile la glavu na nepi zilizotumika, na mzee alimwona akifanya hivyo, kwa sababu mlango ulikuwa wazi, na kwa sababu Corliss alihakikisha uko wazi.

Wengine wangeacha kwenda. Corliss alikwenda. Jumamosi iliyofuata aliingia na boksi kama kawaida, akaliweka juu ya kabati, akaketi, akala tufaha.

"Umeleta nini?" mzee aliuliza.

"Kigari."

"Kipi?"

"Kizuri."

"Basi kifungue."

Corliss alitafuna. Jioni ilipoingia alisimama, akachukua boksi, akaondoka. Ndani hamkuwa na kitu. Hakuona haja ya kusumbuka kubeba kigari cha kweli.

Alifanya hivyo Novemba yote. Siku ya Shukrani alimletea bata mzinga na pai ya maboga kwenye sahani iliyofunikwa, na boksi. Merle aliacha kuuliza afunguliwe, akaanza kubahatisha. "Ni Bel Air? Ya hamsini na tano? Nyekundu?"

"Labda."

Basi mzee alifumba macho akaieleza mwenyewe: ile nakshi ya ubavuni, harufu ya viti, sauti ya mlango ukifungwa. "Mlango wa Bel Air haukupiga kelele," alisema. "Ulisema *tup*, kama friji." Bibi mmoja wa chumba cha jirani, Ardith Fenn, aliyependa kusukuma kiti chake cha magurudumu mpaka penye mazungumzo, alichungulia akasema, "Ah, leo ni siku ya vigari!" Merle akafunga mdomo papo hapo, mpaka bibi alipoondoka.

Corliss alimsikiliza baba yake akiongea na boksi tupu. Haikumpa ile ladha ya mwanzo, ile ya "nakuomba". Lakini alikwenda.

Merle alikufa Januari kwa homa ya mapafu, Jumanne, Corliss akiwa barabarani na basi limejaa watoto. Hakuna aliyekuwa naye.

Baada ya maziko watu walishuka kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, kwenye meza za nyama ya nguruwe, saladi ya viazi na kahawa. Duane alikuwa amefika na ndege usiku uliotangulia, amechomwa na jua la Florida, meno meupe. Nyumba ya wazee ilileta wazee wanane kwa basi dogo. Ardith Fenn alijisukuma moja kwa moja mpaka kwa Duane, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wewe ndiye Duane wa vigari!"

"Naam?"

"Usinifiche, baba yako alitueleza yote. Kila siku, mezani. 'Mwanangu Duane amezunguka nchi nzima akitafuta kila gari nililowahi kuuza. Yeye yuko mbali, kwa hiyo humtuma dada yake aniletee.' Mimi nina wana wanne, hakuna aliyenitafutia hata sindano. Mungu akubariki."

Duane alipepesa macho mara moja. Kisha lile tabasamu la ukoo likajitokeza. "Nilijitahidi, mama," alisema. "Alikuwa baba yangu."

Corliss alikuwa hatua mbili nyuma na sahani mkononi. "Ni vyangu," alisema.

Wazee waligeuka.

"Vigari ni vyangu. Nilivitafuta mimi. Miaka yote hiyo ni mimi."

Ardith alimpapasa mkono, kwa huruma ya kweli. "Ndiyo, mama. Na wewe umemsaidia sana kaka yako. Kubeba nako ni kazi." Akamrudia Duane. "Vipi ile Impala? Alisema ndiyo iliyokusumbua zaidi."

Corliss aliweka sahani chini. Alimkuta Yolanda kwenye ngazi, amevaa koti jeusi lililombana mabega.

"Ulijua anasema hivyo?"

"Nilijua." Yolanda hakukwepa macho. "Nilimsahihisha mara moja. Akasema msichana hawezi kuyajua magari, anaendesha basi tu. Sikukuambia. Nilikuona una yako ya kutosha."

"Yangu yapi?"

"Dada Corliss, chumba kile nakifagia mimi. Siku moja ulikwenda msalani nikalinyanyua lile boksi nifute vumbi. Lilikuwa jepesi."

Corliss alishika ukuta.

"Nikamwambia," Yolanda aliendelea. "Niseme ukweli, nilikasirika. Nikamwambia, mzee, hamna kitu mle, binti yako anakuchezea. Akacheka. Akasema anajua tangu siku ya kwanza, kwamba mtu aliyebeba kitu cha thamani hatembei vile. Akaniapisha nisikuambie. Akasema, 'Akijua kwamba najua, hatakuja tena.'"

Chini, Duane alikuwa anawaeleza wazee jinsi alivyoipata Impala. Sauti yake ilipanda ngazi vizuri, laini, imeshuka kidogo panapotakiwa. Corliss aliisikiliza mpaka mwisho. Kaka yake alikuwa ameweka duka, mjane, hata rangi. Alibuni yote, na yote yalikuwa karibu na kweli.

Jumapili Corliss alimpeleka Duane uwanja wa ndege. Theluji ilikuwa imegeuka matope barabarani.

"Umenikasirikia," Duane alisema. "Ningewaambia nini? Ni wazee, wana furaha yao. Ningesimama pale chini ya kanisa nimwite baba mwongo?"

"Hapana."

"Basi." Akanyoosha miguu. "Sikiliza. Nimefikiri. Nipe kimoja. Cha ukumbusho tu, nikiweke ofisini. Chochote, chagua wewe. Unavyo chumba kizima."

"Hapana."

"Kimoja, Corliss! Hata kile ambacho unavyo viwili."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unakitaka."

Duane alimgeukia, akapiga goti lake na kucheka, kicheko kikubwa kisicho na kinyongo. "Loo! Mzee mtupu! Hujafanana na mama hata kidogo, wewe. Ni mzee mwenyewe amevaa sketi."

Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia Corliss kwamba amefanana na baba yake. Furaha ilimpanda kabla hajaweza kuizuia, ya moto, ya kitoto, ikamfika mpaka masikioni. Aibu ilifuata nyuma yake, lakini ilichelewa. Alisimamisha gari mbele ya milango ya uwanja, akashuka, akamtolea kaka yake begi na kulitua kwenye matope, ingawa palikuwa na pakavu hatua moja pembeni.

"Safari njema," alisema, akarudi kwenye usukani.